Mganga Asiye na Haraka

Kirangozi, yaani kiongozi wa njia wa msafara wa Kinyamwezi, alitambulika kwa mbali, kabla hata sura yake haijaonekana. Richard Burton, msafiri wa Kiingereza aliyeingia Kaze, yaani Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, alimwangalia kwa makini akamwandika pambo kwa pambo: joho jekundu lenye tundu la kupitishia kichwa, ngozi ya mbega shingoni, manyoya kichwani, usinga mkononi, mkia wa mnyama uliofungwa nyuma kana kwamba umeota hapo, na vibuyu vidogo vinavyong'aa mafuta, ndani yake ugoro na dawa za njia. Burton aliwaandika Waafrika wengi kwa dharau, na kirangozi naye hakusalimika. Lakini jicho lake lilikuwa kali, na bila jicho hilo leo tusingejua mtu yule alivyojipamba kabla ya safari.

Mtu huyo alikuwa mpagazi kama wenzake. Alikula nao ugali, alilala nao kambi moja, na uzito wa pembe ya ndovu begani aliujua kama wao walivyoujua. Msafara ulipojipanga alfajiri, akawa mtu mwingine. Ngoma ikalia, baragumu likajibu, akashika mbele, na tangu hapo hakuna aliyeruhusiwa kumpita. Aliyemtangulia alichomolewa mshale kwenye podo lake, na jioni ikabidi aukomboe. Njia zilipogawanyika, yeye ndiye aliyeifunga ile isiyofaa, kwa tawi bichi au kwa mstari alioupiga kwa mguu, na mamia ya watu waliokuwa nyuma yake wakafuata bila kuuliza. Jioni joho lilivuliwa. Kila mmoja alijua nani alikuwa ndani yake, na kulijua hilo hakukumpunguzia kirangozi hata chembe ya heshima.

Hapo ndipo panaponivuta mimi. Watu wanakubaliana, bila mkataba wala hotuba, kwamba mwenzao mmoja atavaa sura ya mwenye dawa, na wao watatembea nyuma ya sura hiyo kuanzia pwani hadi Unyanyembe, eneo la Tabora, miezi miwili au mitatu, wakiikata Mgunda Mkali, ile nyika kavu baada ya Ugogo ambako msafara uliweza kufa kwa kiu. Ile sura ilikuwa na kazi: iliwapanga watu, iliwatuliza, iliwapa wa kumtazama wakati miguu imechoka. Naamini pia kwamba sehemu kubwa ya nguvu ya vile vibuyu ilikuwa katika kuonekana vimezibwa. Kibuyu kilichofunguliwa kila siku ni kibuyu cha ugoro tu.

Mirambo, mtemi wa Kinyamwezi aliyefariki mwaka 1884 baada ya kuitikisa njia hiyo ya misafara kwa miaka mingi, alilijua jambo hili kwa upande wake wa vita. Ruga-ruga, yaani askari wake, walivaa vitambaa vyekundu na manyoya, na habari zao zilifika kijijini kabla yao. Vijiji vingine vilisalimu amri kwa habari peke yake. Lakini Mirambo nimwache. Vita si ufundi ninaotaka kuusifia.

Ninaousifia ni ufundi wa kuwa mganga ndani ya mchezo: kuibeba nafsi ya mwenye dawa mbele ya watu wanaojua kwamba umeibeba, na kuibeba vizuri kiasi kwamba nao wanaingia ndani. Ulimwengu wa nje unao mchezo wa mezani unaofanana na huo. Mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson, Wamarekani wawili, walitoa mchezo unaoitwa Dungeons & Dragons. Watu wanne watano hukaa kuzunguka meza. Mmoja ni msimulizi, wengine kila mtu ana mhusika wake: mpiganaji, mwizi, mtu wa dini, mchawi. Kila mmoja husema mhusika wake anafanya nini, dadu inaamua kama amefaulu, na hadithi inasonga. Katika kanuni za mwaka 1978, mchawi anayeanza alikuwa dhaifu kuliko wote. Uhai wake ulipimwa kwa dadu ndogo ya pande nne, panga hakuruhusiwa, na alikuwa na dawa moja tu. Alijifunza maneno yake kitabuni, akayatumia mara moja, yakamtoka kichwani hadi apumzike na kuyasoma tena. Wazo hilo la maneno yanayotoka kichwani yakishatamkwa walilichukua kwa Jack Vance, mwandishi wa hadithi za kubuni aliyetoa kitabu chake kuhusu wachawi wa aina hiyo mwaka 1950.

Fikiria maana yake kwa anayecheza. Wenzako wanapiga mapanga kutwa nzima, wewe umekaa na dawa moja. Mchezaji mbovu huitupa kwa adui wa kwanza anayejitokeza, kisha saa tatu zilizobaki anajificha nyuma ya wenzake. Mchezaji mzuri hufanya kitu kingine kabisa: anasikiliza. Anauliza chumba kina milango mingapi, maji yanatoka wapi, yule mlinzi amevaa nini. Anawaonya wenzake. Anaijua dawa yake mpaka pembe zake, inafika umbali gani, inachukua muda gani, na kitu gani haiwezi kukifanya. Inawezekana jioni nzima ikapita bila kuitumia, na bado kila mtu mezani akajua kwamba mchawi yupo. Siku anapoitamka, inafungua kitu ambacho mapanga yote yasingekifungua.

Sasa turudi magharibi mwa Tanzania, kwa sababu huku somo hilo ni la zamani zaidi, na halichezewi kwa dadu.

Katikati ya karne ya 19, kwa masimulizi ya Wasukuma wenyewe, walikuwapo wachezaji wawili walioshindana kwa dawa, Ngika na Gumha. Ubishi wao ulikuwa nani mwenye dawa kali zaidi, na njia waliyoichagua ya kuumaliza ni mojawapo ya maamuzi yenye busara ninayoyajua katika historia yetu. Hawakurogana. Walicheza ngoma. Kila mmoja alisimamisha kundi lake uwanjani, wakacheza kwa wakati mmoja, na mwenye watazamaji wengi akawa ameshinda, kwa kuwa dawa inayowavuta watu ndiyo iliyo hai. Wafuasi wa Ngika wakawa Bagika, wa Gumha wakawa Bagalu, na mpaka leo makundi ya ngoma ya Usukuma yanajitambua kwa upande mmoja au mwingine. Dawa ya mvuto wanaiita samba. Mashindano huja baada ya mavuno, kuanzia Juni hadi Agosti, wakati ghala limejaa na jembe limepumzika.

Kanuni hiyo imezaa ufundi wa ajabu. Watazamaji wako huru. Hawajakata tiketi, hawana viti, na wakichoshwa wanavuka uwanja kwa hatua ishirini kwenda kwa wapinzani. Basi manju, yaani kiongozi wa ngoma na mtunzi wa nyimbo zake, lazima apange vitu vyake. Ana majembe yanayorushwa na kudakwa kwa pamoja, ana vinyago vya mbao na maleba mengine ya kuchekesha na kutisha, ana matusi ya utani kwa wapinzani, na pengine ana nyoka. Akivitoa vyote asubuhi, mchana uwanja wake ni mtupu. Manju aliyeiva hutazama upande wa pili. Wapinzani wakiwa katika kilele cha kitu chao, yeye hajibu. Anaendesha wimbo wa kawaida, anawaacha watu waende kutazama, na macho yao yanapoanza kuzoea ya kule, ndipo anapotoa chake. Umati unarudi mbio na vumbi linapanda.

Wenye nyoka ndio ninaowaheshimu kuliko wote. Wanyamwezi na Wasukuma wanao Bayeye, chama cha watu wa nyoka, na wengine wanajulikana kama Bagoyangi. Mtu haingii kwa kupenda tu. Anachanjwa chale, dawa inasuguliwa humo, kisha anaanza shule ndefu: mitishamba, tabia za nyoka mmoja mmoja, msamiati wa chama usioeleweka na mpita njia, na nyimbo. Hans Cory, mzaliwa wa Vienna aliyekuwa mtaalamu wa mila katika serikali ya kikoloni ya Tanganyika, aliandika juu ya Buyeye, yaani chama cha Bayeye, mwaka 1946, na mwaka 1953 kikachapishwa London kitabu chake chenye picha za ukutani za chama hicho. Ndani ya nyumba za mikutano kuta zilichorwa nyoka, watu na wanyama, na kila mchoro ulikuwa na kisa chake ambacho mwanafunzi alitakiwa akijue. Karatasi za Cory zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mchoraji yeyote kijana wa nchi hii angefaidika kuziomba azione.

Nami nilichojifunza kuhusu Bayeye zaidi nimekipata kwa kusimama uwanjani na kutazama mikono.

Mchezaji anakuja na sanduku la mbao lenye matundu. Analiweka chini katikati ya uwanja, kisha anaondoka. Kwa muda mrefu hafanyi nalo kitu. Ngoma zinapigwa, waimbaji wanazunguka, naye yuko pembeni anawasalimu wazee waliokaa kivulini. Mwangaluka, mwangaluka. Anapita karibu na sanduku, anainama, anasikiliza, anatikisa kichwa, anakwenda zake. Watoto waliokaa mbele wanajisogeza nyuma bila kuambiwa. Mzee mmoja anapaza sauti, "Mwanangu, si ufungue tuone!" Anajibiwa kwa heshima, "Bado, babu. Hajaamka." Watu wanacheka, lakini hakuna anayeondoka. Upande wa pili wa uwanja kuna kundi linarusha majembe juu ya vichwa, kazi nzuri ya kweli, na bado watu wanabaki kulitazama sanduku lililofungwa.

Ndipo anapofungua. Mkono unaingia umelegea, vidole vimeachana kidogo, bila kunyakua. Chatu anatoka kwa mwendo wake mwenyewe. Tazama mikono yote miwili hapo: mmoja uko chini ya theluthi ya kwanza ya mwili, wa pili uko chini zaidi, na hakuna unaobana. Chatu anayehisi hana egemeo hukaza. Aliyeegemezwa vizuri hutembea. Kwa hiyo mikono inageuka kuwa matawi. Nyoka anapopita mkono wa kulia, wa kushoto unakuja mbele kumpokea, kisha wa kulia, kisha wa kushoto, na mtu aliye mbali anaona nyoka anamtambaa mganga kwa mapenzi yake. Ukikaribia unaona jasho kwenye paji la uso, na pumzi inayotolewa polepole kwa makusudi. Shingo haimruhusu chatu kuizunguka mara mbili. Mzunguko wa pili ukianza, kidevu kinashuka kidogo, bega linapanda, na kichwa cha nyoka kinaelekezwa mkononi tena. Mtazamaji anadhani hiyo ni sehemu ya uchezaji. Na kweli imekuwa sehemu ya uchezaji, maana mwendo huo wa bega umeingizwa kwenye mdundo.

Kwa swila mambo hubadilika. Huyo mchezaji hambebi, anachuchumaa mbele yake. Swila akiinuka na kutanua shingo, anaweza kupiga takriban theluthi ya urefu wa mwili wake, na mchezaji ameshaupima urefu huo kwa jicho. Anakaa nje ya kipimo hicho kwa upana wa viganja viwili. Usinga unapita taratibu kushoto, macho ya nyoka yanaufuata. Unarudi taratibu kulia, yanarudi nao. Nyoka hana masikio ya nje na zile nyimbo hazimhusu. Anachokipata zaidi ni mtikisiko wa ardhi na kile kinachosogea mbele yake, kwa hiyo wapiga ngoma husogezwa mbali kidogo na kupunguza kishindo. Umati unaona ngoma zimeshuka kwa sababu mganga ananong'ona na nyoka. Wapigaji wanajua wameshusha kwa sababu wenzao wa zamani waliwafundisha hivyo. Mambo hayo mawili yanakwenda pamoja bila kugombana, na sijaona jukwaa la kisasa linalofanikiwa hivyo.

Hapa uigizaji una mpaka ambao tamthilia nyingine hazina. Watu wamekubali kukuita mganga, nyoka hajakubali. Kwake huna cheo, huna sifa, huna historia ya babu yako. Kila kitu unachojipamba nacho kwa ajili ya watu lazima kikae juu ya ujuzi wa kweli, la sivyo nyoka atakuumbua mchana kweupe. Ndiyo maana Bayeye hodari wana utulivu ambao waigizaji wetu wa filamu wanautafuta kwa taa na muziki.

Mwanamalundi wa Shinyanga, aliyeishi mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, ndiye jina kubwa kuliko yote katika habari hizi. Husimuliwa kwamba alikausha miti kwa kuinyooshea kidole. Watu hubishana kama ni kweli, na ubishi huo hunichosha. Ninachokiona mimi ni kwamba alikuwa mtu wa ngoma, watu walimfuata makundi kwa makundi hadi Wajerumani wakaingiwa na wasiwasi wakamkamata, na kwamba katika masimulizi kidole hicho hakinyooshwi ovyo. Mzee anayesimulia vizuri huchelewa kukifikia. Anaanza na ng'ombe, na mavuno, na watu waliomdharau, na kidole kinabaki mfukoni mwa hadithi hadi msikilizaji hawezi kungoja tena.

Lazima niseme na upande mchungu, kwa kuwa ninaandika kuhusu mikoa ambayo bibi zetu wameuawa kwa mapanga kwa kusingiziwa uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka yote ya kupika. Tanzania ina Sheria ya Uchawi tangu 1928, na mauaji hayo yameendelea licha ya sheria hiyo. Wapo wasiotaka kusikia neno lolote jema kuhusu dawa na waganga, na ninawaelewa. Lakini tofauti iko wazi kwa anayetaka kuiona. Mpiga ramli chonganishi hukaa chumbani, ananong'ona, na anayelipa gharama ni bibi wa jirani. Mganga wa ngoma husimama juani, mbele ya kijiji kizima, na anayekabili jino la nyoka ni yeye mwenyewe. Ngika na Gumha walitoa njia ya kushindana kwa nguvu za siri bila kumwaga damu ya mtu, na mimi nawahesabu miongoni mwa watu waliofaidisha nchi.

Na chale za Bayeye zisimdanganye mkulima. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka wenye sumu katika magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele, kwa kuwa wanaoumwa ni watu wa mashambani walio mbali na hospitali. Aliyeumwa na moma au koboko asitafute mcheza ngoma. Apelekwe hospitali haraka, mguu ukiwa umetulizwa, bila kukatwa wala kufungwa kamba ya kubana.

Baada ya uhuru ngoma ya nyoka ilihama kijijini ikawa ya taifa. Ilionekana Dar es Salaam katika kumbi za burudani, ikapigwa mbele ya wageni wa serikali. Tabora nayo ilisikika redioni kwa Hiari ya Moyo, kundi la ngoma la Mwinamila. Chuo cha Sanaa kilipofunguliwa Bagamoyo mwaka 1981, bugobogobo, ngoma ya majembe ya Bagalu, ikafundishwa hatua chache kutoka ufuko ule ule ambako wapagazi wa Kinyamwezi walitua pembe zao. Nafurahia yote hayo. Vijana wa makabila yote wanaijua ngoma ambayo babu zao hawakuijua, na hilo si dogo.

Ila jukwaa limechukua kitu kimoja na halijakirudisha, nacho ni muda. Kundi linapewa dakika kumi kati ya mwanamuziki na hotuba ya mgeni rasmi. Mchezaji anaingia na chatu tayari yuko shingoni, anazunguka, wageni wanapiga picha, anatoka. Sanduku lililofungwa halipo. Mzee wa kumwambia "fungua tuone" hayupo. Hakuna wapinzani upande wa pili, hakuna umati ulio huru kuondoka, kwa hiyo hakuna haja ya kuzuia chochote. Ni yule mchawi wa mezani anayetupa dawa yake kwa adui wa kwanza. Nimewaona vijana wenye mikono mizuri sana, wenye ujuzi wa nyoka usio na shaka, wakipotea katika dakika hizo kumi kwa sababu waandaaji wanataka kilele tangu mwanzo.

Waandaaji wa matamasha, Dar es Salaam, Mwanza na Bagamoyo, nawaomba wajaribu jambo moja: wayape makundi mawili uwanja mmoja kwa wakati mmoja, alasiri nzima, waondoe viti, na wawaache watu watembee watakako. Gharama yake ni ndogo kuliko taa za jukwaa. Nawe msomaji usiwangoje hao. Makumbusho ya Wasukuma yapo Bujora, Kisesa, nje kidogo ya jiji la Mwanza, na sherehe za Bulabo hufanyika huko kila mwaka karibu na Juni, Bagika na Bagalu wakiwa uwanjani. Ukiwa Tabora baada ya mavuno, uliza sokoni ni kijiji gani kina ngoma wiki hiyo, utaelekezwa. Fika mapema, simama upande wowote unaoupenda, toa chochote ulichonacho chombo cha wachezaji kinapopitishwa, na mwenye sanduku akisema bado, usiondoke.